Padre Aliyeiba Chakula

Padre Emil Kapaun, mtoto wa wakulima wa Pilsen, Kansas, na kasisi wa jeshi la Marekani katika Vita vya Korea, hakutoka kwenda kuiba bila kusali. Alimwomba Dismas, yule mnyang'anyi aliyetubu msalabani kando ya Yesu. Kisha alinyatia chakula cha walinzi wa kambi ya mateka ya Pyoktong, Korea Kaskazini, akawarudia wenzake waliokuwa wakifa njaa.

Kanisa Katoliki linachunguza kama atangazwe mtakatifu, na wapo wanaokunja uso: mtakatifu mwizi? Kwangu hilo ndilo jepesi. Kanisa lenyewe hufundisha kwamba achukuaye chakula kuokoa uhai, akiwa hana njia nyingine, hajaiba.

Zito ni hili: Kapaun alikuwa kapteni, mwenye sare na mshahara wa jeshi la Marekani, na mwaka 2013 Rais Obama alimtunukia nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani. Altare ikiandamana na mizinga, kinachobarikiwa si vita? Swali ni la haki, na sifa za padre hazilifuti. Lakini nishani hiyo inataja nini hasa? Unsan, Korea Kaskazini, Novemba 1950, askari wa China wamezingira. Angeweza kukimbia, akabaki na majeruhi. Akamkuta askari wa adui amemlenga bunduki sajini wa Marekani, Herbert Miller, aliyevunjika mguu. Kapaun, asiye na silaha, akamsukuma askari yule kando na kumbeba Miller. Jeshi limemtuza mtu kwa kuzuia risasi isilie.

Alifariki 23 Mei 1951, akiwa na miaka 35. Kuna waliotaka aitwe mfiadini, kwa kuwa walinzi walichukia mahubiri yake na kumpeleka kwenye nyumba ambamo wagonjwa waliachwa wafe. Wengine walijibu kwamba njaa, baridi na maradhi viliua wengi kambini bila kuuliza dini. Februari 2025 Papa Fransisko alipitisha njia nyingine ya kuelekea utakatifu, ya mtu aliyetoa maisha yake kwa ajili ya wenzake. Naona alipatia. Hoja ya ufiadini ingetulazimu kupima mioyo ya walinzi. Hii inapima mikono ya padre, iliyochemsha maji na kufua nguo za wagonjwa wa kuhara damu.

Gerald Fink, rubani Myahudi, aliletwa kambini padre akiwa amekwisha kufa. Kwa kusikia tu mateka wakimsimulia, alichonga msalaba wa mti kwa heshima yake. Walipoachiliwa mwaka 1953, waliondoka nao.