Junoon haikuwa bendi ya kubembeleza

Ukiwataja Junoon mbele ya wapenzi wa muziki wa Pakistan, haichukui muda utasikia: aah, ile bendi ya amani, ya Masufi, wale Waislamu wa njia ya kiroho. Sifa hiyo hainishibishi. Inawafanya waonekane wapole, na upole sio uliowaponza.

Salman Ahmad, mpiga gitaa aliyesomea udaktari, aliianzisha Lahore mwaka 1990. Mwimbaji akawa Ali Azmat, na besi ikashikwa na Brian O'Connell, rafiki wa Salman tangu enzi za shule huko New York. Albamu mbili za mwanzo, kusema kweli, ni roki ya kawaida tu. Ladha inaanza kukolea kwenye Inquilaab ya 1996, tabla (ngoma za mkono za Kihindi) na mahadhi ya kawali, nyimbo za ibada za Kisufi, vinapopewa nafasi sawa na gitaa la umeme.

Mfano mzuri ninaoujua ni Bulleya, kutoka albamu ya Parvaaz ya 1999. Maneno ni ya Bulleh Shah, mshairi wa Kipunjabi wa karne ya 18 aliyezikwa Kasur. Anajiuliza yeye ni nani, kisha anaanza kukataa: si muumini wa msikitini, si kafiri, si Musa, si Firauni. Gitaa linatangulia taratibu, tabla inafuata, na kiitikio kinarudi na kurudi mpaka huna habari tena na beti. Aliyewahi kukaa kwenye Maulidi ya Homu kule Unguja anaujua mwendo huo: mtu huanza ametulia, akija kushtuka mwili mzima unayumba. Wapo wanaosema gitaa limechafua kitu kitakatifu. Mbona Bulleh Shah mwenyewe hakuelewana na mamwinyi wa dini wa zama zake? Inasimuliwa hata kumzika walikataa.

Ndiyo maana nasema Usufi wao haukuwa ubani wa kufukizia ukumbi. Video ya Ehtesaab, wimbo wa kudai viongozi wawajibishwe, ilimwonyesha farasi wa polo akila kwenye mgahawa wa kifahari. Televisheni ya taifa ikaipiga marufuku. Mwaka 1998, India na Pakistan zilipolipua mabomu ya nyuklia ya majaribio mwezi Mei, Junoon walikuwa wakipiga muziki India na wakasema waziwazi kwamba hawaoni cha kushangilia. Serikali ya nyumbani ikawaona wasaliti, nyimbo zao zikaondolewa kwenye redio na televisheni za umma.

Malaika hawakuwa. Mwaka uleule wa 1996 waliimba wimbo wa Kombe la Dunia la kriketi kwa fedha za Coca-Cola, na ndio huohuo uliowafikisha kwa watu ambao shairi la Kisufi lisingewagusa. Mimi siwalaumu sana. Gitaa na vipaza sauti havinunuliwi kwa dua.

Baada ya Ali Azmat kuondoka, Salman aliendelea na jina, akapiga hadi Srinagar, Kashmir, eneo linalogombewa na India na Pakistan, mwaka 2008. Ujasiri ule namvulia kofia, ila koo la Ali halikupata mrithi. Anayetaka kuanza kuwasikiliza aanze na Azadi ya 1997, yenye Sayonee, kisha Parvaaz. Zile mbili za mwanzo zinaweza kusubiri.