Konda, Shusha!

Neno "kushusha" ndilo lililoniponza. Fundi aliinama, akasikiliza Benzi langu linavyonguruma, akasema, "Mzee, hii gia boksi ishushwe." Nikaona kazi nyepesi. Kwenye daladala si tunasema tu "shusha!" na mtu anashuka? Nikauliza kushusha shilingi ngapi. Laki tatu. Kupandisha je? Laki tatu nyingine. Na hapo kutengeneza bado hatujaongea. Nikamwambia nitampigia. Dar es Salaam hii hakuna fundi aliyeambiwa hivyo halafu akapigiwa.

Gari lenyewe ni 300D ya 1982, dizeli, silinda tano, otomatiki. Umbo hili Mercedes walilitengeneza miaka kumi, zikatoka karibu milioni 2.7, na katika zote hizo moja ikaamua kuja kuzeekea kwangu. Nimelirithi kwa baba mdogo. Marehemu akipita nalo watu walikuwa wanasimama kulitazama. Nikipita mimi wanasimama pia, wamejiziba pua. Ukitia D linatulia kwanza, linatafakari, ndipo linaondoka kama bibi anayeinuka mkekani. Asubuhi unakuta dimbwi jekundu chini. Mpangaji mpya alishawahi kuuliza tumechinja nini.

Basi Jumamosi nikaliinua. Matofali niliyakataa, tofali la siku hizi ni mchanga uliosikia habari za simenti. Nikaweka magogo manne ya mwembe, nikatoa betri, nikaingia uvunguni kwa bismillahi.

Oili ya gia boksi ni lita sita hivi, na haitoki yote kwenye sampo, lile bakuli la chini yake. Nyingine imejificha ndani ya toki konveta, lile dude la duara kama masufuria mawili ya pilau yaliyofunikana, lililokaa kati ya injini na gia boksi. Lina nati yake ya kumwagia, ila nati iko popote inapopenda. Lazima mtu akae mbele na spana namba 27, azungushe injini taratibu mpaka nati ije chini kwenye tundu uione. Mtu huyo ni kijana wangu wa darasa la sita. Dizeli ya zamani ina mgandamizo, mtoto alikuwa ananing'inia kwenye spana kama popo.

"Bado... bado... hapo hapo! Simama!"

"Imepita, baba?"

"Imepita."

"Nirudishe?"

"Usirudishe nyuma! Zungusha tena mpaka ije."

Ikaja, ikapita tena. Tulipoipata nikashukuru Mungu, kisha nikakumbuka kwamba konveta inashikwa na bolti sita, na zote zinafunguliwa kupitia tundu lile lile, kwa kuzungusha vile vile. Kijana akaomba ruhusa ya kwenda madrasa. Jumamosi haendi madrasa.

Ukilala uvunguni unajua watu kwa miguu. Zikaja ndala za bluu, zikasimama.

"Baba watoto, beseni langu la kufulia liko wapi?"

Beseni lilikuwa na lita tano za oili. Nilichagua lile jekundu makusudi, rangi zisigombane. Nikanyamaza. Ndala zikaondoka kwa mwendo ambao mume yeyote anaujua.

Propela shafti ikatoka, stata ikatoka, nikafungua mabomba ya oili yanayokwenda kwenye rejeta, waya wa spidi, na kile kimpira chembamba cha vakyumu ambacho kilikatika kabla sijakigusa, kwa kunitazama tu. Nikajiona fundi. Kumbe bolti mbili za juu zilikuwa zinanisubiri. Huzioni. Unazipapasa kwa vidole kama unatafuta shilingi kwenye mfuko uliotoboka, huku umeunganisha vipande vitatu vya soketi, na uchafu wa tangu enzi za Mwalimu unakudondokea jichoni. Saa mbili nzima, bolti mbili.

Hapo vikaja viatu vyeusi, vimepigwa rangi mpaka najiona. Mwenye nyumba. Nikabana pumzi.

"Baba, naona miguu yako."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kodi?"

"Mzee, acha nishushe hii kwanza."

Wakaitwa shemeji, muuza mkaa na bodaboda wawili. Jeki ikawekwa chini ya gia boksi na kipande cha ubao. Sheria ni moja: konveta irudi nyuma pamoja na gia boksi, isibaki kwenye injini, na mtu aishike isiteleze. Niliwaambia hivyo mara tatu. Tukavuta. Ikagoma. Tukavuta tena, na bodaboda mmoja, kwa furaha zake, akapiga kelele, "Konda, shusha!" Wote wakacheka, wote wakaachia. Gia boksi ikainamisha pua, konveta ikateleza nje, na oili niliyodhani imekwisha ikamwagika yote juu ya viatu vyeusi.

Mwenye nyumba alivitazama muda mrefu, akaondoka akiacha nyayo nyekundu kwenye saruji mpaka mlangoni kwake.

Sasa gia boksi imekaa barazani juu ya tairi, na kuku ameshapanda. Mama watoto anafua kwenye ndoo, bila kunisemesha. Jioni nikajikaza, nikampigia yule fundi. Ikaita sana, akapokea.

"Ndiyo, fundi. Ni mimi wa ile Benzi, nilisema nitakupigia."

Kimya kidogo.

"Nani mwenzangu?"