Buibui lilipokuwa dai la uungwana

Kila mjadala wa mavazi unapopamba moto hapa Unguja huzuka kambi mbili. Moja inasema buibui ndiyo mila yetu, na msichana anayeliacha ameiacha asili yake. Ya pili inajibu kwamba buibui ni nguo ya Waarabu tuliyobebeshwa enzi za usultani. Kambi hii ya pili ina hoja moja isiyopingika: vazi lenyewe si la kale kiasi hicho. Mabibi wa Kiomani wa karne ya 19 walivaa barakoa, kifuniko cha uso, na buibui lilienea mjini miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Anayesema "tangu enzi na enzi" amekosea hesabu.

Ila hilo la kubebeshwa ndilo linalonikera, maana linawafuta wanawake waliolichagua.

Enzi za utumwa mjakazi alijulikana kwa kumtazama tu: kipande cha merikani au kaniki, vitambaa duni vya pamba, kilichofungwa chini ya kwapa, kichwa wazi, miguu mitupu. Kujifunika kichwa na kuvaa viatu kulikuwa kwa waungwana. Amri ya Sultan Hamoud ya Aprili 1897 ilimruhusu mtumwa kwenda mwenyewe kuuomba uhuru wake, lakini haikumpa shamba wala nyumba. Wengi walibaki kwenye ardhi ya bwana yule yule, wakilipa kwa kazi. Masuria, yaani wajakazi waliowekwa kinyumba na mabwana zao, hawakuguswa kabisa, wakangoja hadi 1909. Miaka 12! Binti aliyekuwa suria mwaka ule wa 1897 aliwaona wapishi na wachukuzi wa nyumba ile ile wakienda kuomba uhuru, yeye amebaki ndani.

Sasa mtu kama huyo, hana ardhi wala ukoo wa kutajwa, angeuonyesha kwa nini uungwana wake? Kwa nguo. Kaniki iliwekwa kando, ikaja doti ya kanga yenye rangi, pindo na mji wake wa katikati, na baadaye jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Kisha likaja buibui, lile la kizamani la kufungwa kwa kamba kichwani, likafunika yote. Bibi wa Mji Mkongwe na binti wa mtumwa wa Ng'ambo, mtaa wa wanyonge upande wa pili, wakipishana Darajani, nani angewapambanua? Hata mabibi wenyewe wakaiacha barakoa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba aliyetoka katika ukoo wa watumwa, aliimba huku amejifunika buibui, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay kwa Kiswahili. Kwangu mimi huyo hakubebeshwa kitu.

Sikatai kwamba kilichoanza kama dai kiligeuka kipimo, na kipimo kina watu wake wa kuadhibu. Asiyelivaa husemwa, na utawa uliwafungia wengi ndani. Lakini hata kipimo hicho tunakitumia tukipenda. Wanawake wa Paje na Jambiani hushuka pwani kwenye mwani na kanga zimelowa hadi magotini, wala hakuna anayesema wameivunja mila. Na lile buibui la kamba limekwenda wapi? Limeondolewa na abaya za Dubai zenye vijiwe vinavyometameta mikononi, na wazee wanaowakemea wajukuu wao leo ndio waliokuwa wa kwanza kuzinunua.