Barry anapenda kwa dhati

Ndugu mwandishi, umesema kwamba Punch-Drunk Love, uliyoitazama kwenye DVD, haistahili kuitwa filamu ya mapenzi kwa sababu Barry, mhusika wake mkuu, anavunja vioo na kulia ovyo. Naomba kutofautiana nawe. Mwongozaji Paul Thomas Anderson, aliyeitoa mwaka 2002 na kutunukiwa tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, pamoja na Im Kwon-taek wa Korea Kusini, alimchukua Adam Sandler, mchekeshaji tuliyemzoea, akamfanya Barry, akamvika suti ya buluu na upweke wa kijana mwenye dada saba wasiochoka kumdhihaki.

Mara ya kwanza niliiona katika kibanda cha video hapa Kampala, ambako VJ, yaani mtafsiri wa filamu, alitafsiri kwa Kiganda juu ya sauti yote, na kwa kweli sikuielewa. Nilipoitazama nyumbani kwa utulivu ndipo nikausikia muziki wa Jon Brion, unaodunda kama kifua cha mtu mwenye hofu, na hofu hiyo ndiyo inayoeleza vile vioo. Tazama tena jinsi Barry anavyokikumbatia kile kinanda kilichotelekezwa kando ya barabara na kukimbia nacho ofisini. Tazama pia mwishoni, anapomwomba mpenzi wake Lena asubiri maili za ndege, yaani pointi za kusafiria bure, alizozipata kwa kununua pudingi tele, ili amfuate popote kazi itakapompeleka. Kama hayo si mapenzi, basi sijui tuyaite nini.