Mshenga Aliyeingia kwa Buti

Muuza spea wa Shauri Moyo, pale Ilala, ukimuuliza hedi, yaani kichwa cha injini, ya L24 ya Datsun za zamani, anakutazama usoni kwanza kuona kama una homa. Ukimuuliza injini ya Toyota Mark II Grande, anakuuliza unataka ngapi. Mkasa wote ulianzia hapo, na ningependa hilo lieleweke kabla watu hawajaanza kunitazama vibaya.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Viti viwili, boneti ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi, na mlango wa buti unaofunguka kwenda juu. Nilipewa na mjomba, ambaye alikuwa akianikia mashuka juu yake. Hedi ilikuwa imepasuka tangu mimi nikivaa kaptula.

Fundi wangu ni mtu wa Toyota. Akaniwekea hesabu mezani: "Hiyo L24 yako ni silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, cc 2,393, farasi 151. 1G, injini ya Grande, nayo ni silinda sita, mstari mmoja, cc 1,988 tu, lakini farasi 160. Unapunguza injini, unaongeza farasi. Nani anakataa hesabu hiyo?"

Sikukataa. Tukanunua nusu gari, yaani pua nzima ya Grande iliyokatwa huko Japani ikiwa na injini, gia boksi, nyaya, dashibodi na kontroli boksi yake. Ikaletwa nyumbani Tabata kwa kirikuu na kushushwa mbele ya mama. Mama akaizunguka mara moja, akauliza, "Na nusu nyingine inakuja lini?"

Jambo moja fundi alilisema kwa sauti ya chini, akiwa ameinamia boksi la spana: gia boksi ilikuwa otomatiki.

Sasa, gerejini injini huinuliwa kwa krini. Sisi tuna mwembe. Na mwembe wetu, kwa mipango ya marehemu babu aliyeupanda, umeota jirani kabisa na geti, na tawi lake pekee linaloweza kubeba kitu cha maana limepita juu ya njia ya kuingilia. Kwa hiyo gari lilikaa pua ikiwa ndani ya uwanja chini ya tawi, makalio yakiwa yameziba geti. Aliyetaka kutoka alijipitisha kwa ubavu. Mama alivumilia. Alisema neno moja tu: Jumamosi watu wanaleta barua ya posa ya dada yako, siku hiyo nisilione gari hapo.

Fundi akasema hadi Jumamosi tutakuwa tumeshasahau kwamba kulikuwa na kazi.

Kazi ya kubadilisha injini ina tabia ya kuzaa kazi nyingine. Maunti za Datsun, yaani vishikizo vya injini, hazikuelewana na za Toyota, tukazikata na kuchomelea mpya. Gia boksi ya otomatiki ni nene, ikabidi njia yake ya katikati ipanuliwe kwa nyundo, na tundu la gia nalo likapanuliwa mpaka mtu angeweza kupitishia tikiti. Kabureta za zamani ziliridhika na pampu ndogo ya kuvuta petroli polepole, ila injini ya nozeli, inayopuliziwa petroli, inataka presha, basi ikaja pampu ya umeme na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi. Fundi wa umeme akahamisha nyaya zote za Grande bila kuacha hata mmoja, kwa kuwa hakujua upi ni wa nini. Halafu tulipoishusha injini mara ya kwanza, sampo, lile karai la oili chini ya injini, ikagonga mhimili wa mbele. Ikatolewa tena, sampo ikaenda kukatwa na kuchomelewa upya.

Iliporudi ilikuwa Jumamosi asubuhi.

"Kazi ya saa mbili hii," fundi akasema. Cheni bloku ya kuinulia injini tuliyoazima ilitakiwa kwa mwenyewe jioni ileile. Wageni walisema watafika saa kumi, na kila mkazi wa Dar anajua saa kumi ya wageni ni saa kumi na moja na nusu. Tukaipandisha injini pamoja na gia boksi yake, zaidi ya kilo mia mbili za chuma, tukaanza kuishusha taratibu. Ilipofika nusu ya safari, gia boksi ikiwa tayari imeingia chini ya dashibodi na injini ikiwa bado iko hewani, cheni ikanasa. Ukivuta kupandisha, haipandi. Ukivuta kushusha, inalia tu. Gari halikuweza kwenda mbele wala nyuma, kwa sababu lilikuwa limefungwa kwenye mti.

Wageni wakafika saa kumi kasoro robo. Hao ni watu wa Tanga, hawana dharau.

"Hodi wenyewe!" ikasikika nyuma ya buti.

Baba mdogo, aliyekuwa ndiye msemaji wetu, akaenda kuwapokea akiwa amevaa kanzu yake ya Idi. Hakujua aseme nini kuhusu gari. Kwa bahati hakuulizwa. Mshenga, mzee mwembamba mwenye kofia ya viua, alilitazama lile Datsun lililoziba geti zima, akatabasamu, akawaambia wenzake, "Mnaona? Dar sasa wanafunga mlango kwa gari!" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha. "Kifungua mlango hicho."

Baba mdogo ni mtu mwenye adabu, na mtu mwenye adabu hakatai bahasha. Akaipokea. Kisha akabaki amesimama, maana alikuwa amelipwa afungue kitu kisichofunguka.

Vijana wawili wembamba walipita ubavuni. Waliobaki walikuwa watu wazima wenye heshima zao na matumbo yao. Ndipo shangazi yangu, ambaye hajawahi kushindwa na shughuli, akainua mlango wa buti. "Karibuni ndani," akasema. "Mnaingilia hapa, mnapita kati ya viti, mnatokea mlango wa dereva. Msiguse waya wowote."

Mshenga akatangulia, barua imefungwa kwenye kitambaa cheupe na ameishika juu kabisa isiguse kitu. Akafuata baba mkubwa wa bwana harusi, akisoma dua. Shangazi wa bwana harusi alipofika katikati, kiatu chake kimoja kikadumbukia kwenye tundu la gia, na kwa muda posa yote ikasimama tukimulika simu chini ya gari. Mama alikuwa kibarazani. Hakusema kitu. Alinitazama tu, na mimi nikaenda kusimama upande wa pili wa mwembe.

Mambo yangeweza kwenda vizuri kuanzia pale. Mkeka ulikuwa umetandikwa, kahawa ipo, kashata zipo. Lakini mshenga alipojikung'uta na kugeuka, alilitazama gari kwa mbele kwa mara ya kwanza.

"Hii si Zedi hii?"

"Ndiyo, babu," nikasema.

Macho yakamlowa. Alisema alikuwa mtoto wakati mbio za magari za East African Safari zikikimbiwa Pasaka kupitia nchi zetu, na gari aina hii ndilo lililoshinda mwaka 1971 chini ya Edgar Herrmann, na la pili likawa 240Z vilevile, la Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Na mwaka 1973 Mehta huyohuyo akashinda kwa 240Z baada ya kufungana pointi na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun. "Datsun na Datsun! Mshindi akatafutwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kukatwa pointi." Alisema hayo yote huku mkono ukipapasa bodi. Kisha mkono ukafika mbele, ukagusa kile kilichokuwa kinaning'inia, na akainama kusoma maandishi juu yake.

"Toyota?"

Kimya.

"Na hii gia boksi... ina pedeli ngapi hii?"

"Mbili, babu," fundi akajibu.

Mshenga akawageukia wenzake. "Jamani, hebu tutafakari. Familia inayoweza kumtoa Datsun moyo wake ikamtia wa Toyota, tena otomatiki, tunataka kuoa humu?"

Shangazi yangu akataka kujua kama ni dada anayeposwa au ni gari. Hakusikilizwa, kwa sababu fundi alikuwa ameshachomoka chini ya boneti. "Mzee, kwa heshima. Safari ya 1984 alishinda nani? Toyota Celica. 1985? Celica. 1986? Celica tena!"

"Na 1979, 1980, 1981 na 1982? Mehta, mara nne mfululizo, na hakuwa kwenye Toyota!"

"Na 1983 katikati hapo?"

Mshenga akafungua mdomo, akaufunga. Mwaka 1983 alishinda Ari Vatanen kwa gari la Opel. Wote wawili walitazama chini. Opel iliwapatanisha kuliko ambavyo baba mdogo angeweza.

Ndipo mzee akainua macho kwenye cheni. Kumbe ujana wake wote aliutumia karakana ya reli. "Nani kaning'iniza hivi?" akauliza. "Ndoano ya chini imepinduka. Imepita katikati ya cheni mbili, kwa hiyo cheni imejisokota, na kila mkivuta mnaikaza. Hapo mtavuta mpaka Ramadhani. Toa uzito kwanza, rudisha ndoano, ndipo ushushe."

Kutoa uzito kulitaka watu. Tukaweka jeki mbili na magogo chini ya injini, na mkeka wa posa ukabaki na kahawa yake peke yake. Baba mdogo alishika upande wa kulia, baba mkubwa wa bwana harusi upande wa kushoto, kanzu zote mbili zimekunjwa na kufungwa kiunoni. Mshenga akampa fundi ile barua aishike, akapanda juu ya kreti la soda, akaipindua ndoano kwa mikono miwili. Cheni ikanyooka. "Shusha! Polepole! Wewe wa kanzu, toa kidole!"

Injini ikateremka na kukaa kwenye maunti zake bila kugusa popote. Tukapiga makofi. Watu walikumbatiana, pande mbili ambazo hazijawa ndugu bado. Baba mkubwa alikuwa na oili mpaka kwenye ndevu na sijawahi kumwona mgeni mwenye furaha namna ile.

"Haya," shangazi akasema. "Barua iko wapi?"

Fundi akatazama mikono yake. Ilikuwa mitupu. Akaanza kueleza kwamba mikono ilikuwa michafu, na yeye si mtu wa kuchafua barua ya watu, kwa hiyo aliitafutia mahali pasafi. Na mahali pekee pasafi katika eneo lile zima palikuwa juu ya mhimili wa mbele, palipokuwa pamepigwa rangi mpya asubuhi.

Injini ilikuwa juu yake.

Baba mdogo alipendekeza posa ijibiwe kwa mdomo. Upande wa pili ukakataa kabisa, kwani ndani ya kitambaa hakukuwa na barua peke yake, na kiasi kilichokuwemo walitaka kihesabiwe mbele ya mashahidi. Wengine wakasema injini ipandishwe tena. Mshenga akaapa kwamba hakuna atakayeigusa ile cheni akiwa hai. Mwishowe mdogo wangu wa mwisho, ambaye kwa kawaida hatumpi kazi yoyote, akalala chini ya gari na waya wa baiskeli. Kitambaa kikatoka kwanza, kikiwa na rangi mbili. Kisha barua.

Baba mdogo akaisoma kwa sauti. Jina la bwana harusi lilisomeka, na ukoo ukasomeka. Sehemu ya kiasi cha mahari ilikuwa imelowa oili, na hapo upande wao wakasema laki tano, upande wetu ukasema mwandiko ule, kwa kadiri ya mwanga uliopo, ni milioni moja. Walibishana mpaka magharibi, wakati dada alikuwa dirishani tangu mwanzo akisema, "Nimekubali, jamani, nimekubali, wapisheni watu watoke."

Wakatoka kwa buti.

Mwenye cheni bloku alikuja kuichukua kesho yake, na naomba tusizungumzie aliyosema.

Boneti haikufunga mpaka leo. Injini ya Grande ni ndefu kwenda juu, kwa hiyo tunaifunga kwa kamba. Siku ya harusi kamba ilivalishwa utepe wa dhahabu na watu wakadhani ni pambo. Tatizo lilikuwa viti. 240Z ina viti viwili: kimoja changu mimi dereva, kimoja cha bibi harusi. Shangazi alikataa kata kata bibi harusi asafiri bila mtu mzima, akajilaza nyuma kwenye buti na gauni lake la sare, mlango tukaufunga.

Nikawasha swichi. Kabla injini haijalia, sauti ya mwanamke ikatoka chini ya dashibodi, tulivu, ya adabu, kwa Kijapani. Wenye magari ya Japani mnamjua. Ni kile kidude chao cha kulipia barabara. Kilikuja na nyaya za Grande, na fundi wa umeme alikiunganisha pamoja na vingine vyote.

"Nani huyo huko mbele?" shangazi akapaza sauti kutoka nyuma. "Mmempakia nani?"

"Si mtu, shangazi. Ni gari. Linasema kadi haijaingizwa."

"Kadi!" akasema shangazi. "Kwani amechanga shilingi ngapi?"