Jeuri si utovu wa adabu tu
Asante kwa makala, ila pale mwandishi aliposema jeuri ni "utovu wa adabu wa vijana" basi, ameliminya mno neno hili. Kamusi za zamani zililitafsiri kama ukatili, uonevu, utawala wa mabavu. Mtu wa jeuri alikuwa mwenye nguvu anayemwonea mnyonge. Leo tumeligeuza: bosi anayewanyanyasa watu tunamwita mkali, halafu mfanyakazi anayeuliza mshahara wake uko wapi ndiye anaambiwa ana jeuri! Hilo linaniuma kweli, kwa sababu marehemu bibi yangu hakulitumia hivyo hata siku moja. Kwake jeuri ilikuwa ya yule jirani aliyesogeza mpaka wa shamba usiku, akang'oa na minyaa.

Na nikisema jirani, hapo ndipo patamu. Jeuri imetoka kwenye Kiarabu, jawr, yaani dhuluma, na asili yake ni kupinda, kuiacha njia iliyonyooka. Herufi za mzizi huohuo, jim, waw na ra, ndizo zilizotupa neno jirani. Mdhulumu na wa mlango wa pili, mzizi mmoja!

Siku hizi kuna pia jeuri ya pesa. Juzi sokoni niligusa kitenge tu, muuzaji akaniuliza, "Mama, hiyo jeuri unayo?" Alimaanisha uwezo, wala hakunitukana. Maana hiyo nayo ingestahili aya yake kwenye makala.