Wastani hauoni wingu

Fundi aliyeniuzia sola hapa Kasarani alinionyesha grafu ya kupendeza ya umeme nitakaoupata kwa siku: nundu moja laini, inapanda asubuhi, inafika kileleni saa sita na nusu, inashuka taratibu hadi magharibi. Miezi mitatu nikachungulia simu kuitafuta nundu hiyo. Nilichoona ni meno ya msumeno.

Paneli hazikuwa na kasoro. Makadirio ya fundi yalitumia wastani wa mionzi ya jua wa kila saa, na wingu la Nairobi halisubiri saa iishe. Piga hesabu hii. Kwa nusu saa ya jua kali paneli zinatoa kilowati 6, kisha wingu linafunika, zinatoa 2 kwa nusu saa iliyobaki. Wastani ni 4, kwa hiyo inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) ya kilowati 5 inaonekana kutosha na kubaki. Kumbe jua lilipowaka, inveta ilikuwa ikikata kilowati nzima. Umepata uniti (kilowati-saa) 3.5, si 4. Na kama nyumba inakula kilowati 3 muda wote na huna betri, wingu lilipofunika ulinunua nusu uniti ya stima. Kwenye karatasi ya fundi hukununua kitu.

Tena jua likichomoza kando ya wingu jeupe, mwanga huweza kuwa mkali kuliko siku isiyo na wingu kabisa. Wastani wa saa hukifuta kilele hicho.

Mahali nako kuna mambo. Zipo data za bure zinazoigawa dunia kwa miraba ya digrii moja, kama kilomita 111 kila upande. Mraba ulio kati ya digrii 1 na 2 kusini, 36 na 37 mashariki, umebeba Limuru ya ukungu, Nairobi, Kitengela, na Magadi ile inayokaanga watu. Wote wanapewa namba moja ile ile ya jua! Ilhali Meteosat, satelaiti za hali ya hewa za Ulaya, huipiga picha Afrika kila dakika 15 au chini ya hapo.

Sisemi data ya saa ni takataka. Kwa kukisia jumla ya mwaka, inafaa. Kwa kuchagua inveta au kuamua kama utanunua betri, mimi siiamini, hasa nikikumbuka asubuhi za Julai zenye mawingu.

Siku hizi rafiki akiniletea kwotesheni, naanza kwa kuuliza namba za jua ni za kila dakika ngapi, na za wapi. Muuzaji mmoja alinijibu, "Bosi, jua ni jua." Huyo hakupata kazi.